Thimerosal kwenye boksi la maskara: ni zebaki kweli?

Swali: "Mimi ni mpambaji maharusi, niko Tanga. Nilinunua maskara dazeni mbili Kariakoo kwa bei ya jumla. Juzi mteja alisoma boksi, akaona neno thimerosal, akakataa kupakwa. Akasema hiyo ni zebaki, ileile ya mkorogo. Mimi mwenyewe naitumia, na nina mtoto wa miezi mitano ninayemnyonyesha. Ni kweli ni zebaki? Kama ni sumu, imeruhusiwaje? Na je, nirudi kwenye wanja wa manga, ule wa asili, niwe na amani?"

Jibu: Dada, mteja wako kasoma vizuri ila kamalizia vibaya. Thimerosal ni zebaki kweli. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Lakini si ileile ya mkorogo. Kiasi chake, kazi yake na hata umbo lake la kikemia ni vitu vingine kabisa, na ukivichanganya utaogopa pasipostahili na kujisahau panapostahili.

Nianze na majibu ya haraka ili usisome huku moyo unakudunda. Endelea kumnyonyesha mtoto. Maskara hizo ziweke kando, usijipake wala usimpake mteja. Na wanja wa manga usiurudie. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi katika barua yako yote, nami nitalifikia.

Sasa tuone zebaki imefuata nini kwenye kope. Maskara ni maji, nta, mafuta na rangi nyeusi ndani ya kichupa chenye giza na joto. Brashi inatoka kichupani, inagusa kope, inarudi kichupani na vijidudu ilivyovikuta. Mmoja wa vijidudu hivyo huitwa Pseudomonas aeruginosa. Anaishi popote penye unyevu, chakula kidogo kinamtosha, na dawa nyingi za kuua bakteria hazimtishi. Kwenye ngozi nzima hana madhara makubwa. Lakini brashi ikikwaruza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na mkwaruzo huo ukampokea Pseudomonas, kidonda chake kinaweza kuila konea ndani ya siku moja au mbili. Katika miaka ya 1970 madaktari wa macho Marekani waliandika habari za wanawake walioumia namna hiyo baada ya kujikwaruza na brashi ya maskara iliyokwisha kuchafuka.

Zebaki inamweza kijidudu huyo. Inashikamana na salfa iliyomo kwenye vimeng'enya vyake, navyo vinakoma kufanya kazi. Dozi ndogo sana inatosha, na ndiyo maana wenye viwanda waliipenda. Thimerosal yenyewe ilibuniwa na mkemia Morris Kharasch katika miaka ya 1920, kampuni ya Eli Lilly ikaiuza kwa jina la Merthiolate kama dawa ya kusafishia vidonda, halafu ikaingia kwenye matone ya macho, maji ya lenzi, chanjo na vipodozi vya macho. Ndugu zake wa karibu kwenye vipodozi ni chumvi za fenili ya zebaki, ambazo kwenye boksi utaziona zimeandikwa phenylmercuric acetate au phenylmercuric nitrate.

Kwa hiyo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipoifungia zebaki kwenye vipodozi katika miaka hiyohiyo ya 1970, iliacha mlango mmoja wazi. Vipodozi vya eneo la macho viliruhusiwa kuwa na zebaki ya kuhifadhia isiyozidi mikrogramu 65 kwa kila gramu, tena pale tu ambapo hakuna kihifadhi kingine salama kinachofaa. Vipodozi vingine vyote, kuanzia krimu na losheni hadi sabuni, havitakiwi kutiwa zebaki hata kidogo. Kinachovumiliwa ni mabaki yasiyoepukika, chini ya mikrogramu 1 kwa gramu. Ulaya nako mlango huo uliachwa: kanuni yao ya vipodozi ya mwaka 2009 iliweka ukomo wa asilimia 0.007 kwa bidhaa za macho, na ikamtaka mtengenezaji aandike waziwazi kwamba ndani yake mna thiomersal, ambalo ni jina lingine la kitu hichohicho.

Hilo ndilo jibu la "imeruhusiwaje". Haikuruhusiwa kwa kuwa haina sumu. Walipima hatari mbili, zebaki kidogo kwenye kope na upofu wa Pseudomonas, wakachagua ile waliyoiona ndogo. Kwa wakati ule mimi siwalaumu.

Tufanye hesabu kwa kichupa chako. Chukulia kina gramu 8, na mtengenezaji kafika ukomo wa mikrogramu 65. Kichupa kizima kina mikrogramu 520 za zebaki, nusu ya miligramu na kidogo. Ukikitumia miezi mitatu, ni kama mikrogramu 40 kwa wiki, na hapo tunajifanya kwamba yote inaingia mwilini, wakati nyingi inabaki kwenye kope na kuondoka na pamba ya kusafishia jioni. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, kwa zebaki ya methili, ile kali kuliko zote tunayoweza kuila kwenye samaki, iliweka kiwango cha kuvumilika cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mwanamke wa kilo 60 anapata mikrogramu 96. Maana yake hata ungekilamba kichupa chote ukakimaliza kwa miezi mitatu, ungekuwa chini ya nusu ya kiwango kilichowekwa kwa aina kali zaidi. Ndiyo maana nimekwambia uendelee kunyonyesha, na ndiyo maana sikutumi kwenda kupima damu.

Sasa tuvuke tuingie kwenye mkorogo, uone tofauti. Kule zebaki haiwekwi kuhifadhi kitu. Inawekwa iifanyie kazi ngozi: inakizuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi nyeusi ya ngozi, na ili ifanye hivyo lazima iwe nyingi. Sabuni ya kung'arisha yenye zebaki asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 kwa kila gramu. Mche wa gramu 80 una miligramu 800. Zebaki yote ya kichupa chako cha maskara imo katika kipande cha sabuni hiyo chenye uzito wa punje mbili za mchele. Na sabuni mtu anajipaka mwili mzima, anaiacha ikauke, anarudia asubuhi na jioni kwa miaka.

Madhara yake huku kwetu hayakuanza kuandikwa jana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika British Medical Journal taarifa ya wagonjwa 60, watu wazima, waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo hadi mwili unavimba. Zaidi ya nusu walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye chumvi ya zebaki, na humo zebaki ilihesabiwa kwa asilimia kadhaa. Baadhi ya waliofuatiliwa baada ya kuacha krimu walipata nafuu. Ninaikumbuka taarifa hiyo kila nikimsikia mtu akisema mambo ya zebaki kwenye vipodozi ni maneno ya mitandaoni.

Kisa cha pili kinanivutia zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Harada Masazumi, daktari wa Kijapani aliyetumia maisha yake kuwatibu na kuwatetea waathirika wa Minamata, mji wa Japani uliotiwa sumu ya zebaki, alikuja Ziwa Victoria na wenzake. Shughuli yao ilikuwa kuangalia kama zebaki ya wachimbaji dhahabu imeingia kwenye samaki na kuwafikia walaji. Wakapima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Samaki hawakuwa na lawama kubwa kama ilivyodhaniwa. Lakini watu wachache walikutwa na zebaki nyingi ajabu kwenye nywele, na haikuwa zebaki ya methili inayotoka kwenye samaki. Ilitoka bafuni. Walipoendelea na uchunguzi Kenya walikuta sabuni zilizotengenezwa Ulaya zenye zebaki kwa viwango nilivyokutajia.

Nikisema "zilizotengenezwa Ulaya" sijakosea. Sheria ya vipodozi ya Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku zebaki kwenye sabuni na krimu tangu 1976, isipokuwa ule mlango wa macho. Lakini kutengeneza sabuni ya kupeleka nje hakukuzibwa sawasawa, na ngozi iliyokuwa ikilengwa na sabuni hizo ilikuwa ya Mwafrika. Ilichukua hadi mwaka 2003 kwa Umoja wa Ulaya kupiga marufuku kusafirisha nje sabuni za urembo zenye zebaki. Miaka 27 kati ya "hatari kwa watu wetu" na "tusiwauzie wengine". Siku hizi sehemu kubwa ya mali hiyo inatoka kwingine, sabuni imeachia nafasi krimu za vikopo vidogo, na mpakani zinapita kwenye mabegi na maboksi ya bidhaa nyingine.

Tofauti nyingine ni ya kikemia, nami nitaipitia upesi. Zebaki ina sura nyingi. Ya mkorogo mara nyingi ni chumvi isiyo ya kaboni, nayo huanza na figo. Ya thimerosal ni ya ethili, inayoondoka mwilini upesi kuliko ya methili. Ya methili ndiyo iliyoivuruga Minamata, na huingia kwenye ubongo. Ikitokea ya methili kuingia kwenye krimu, ni balaa: mwaka 2019 huko California, Marekani, mwanamke aliyekuwa akipaka krimu ya uso iliyotoka Mexico aliishia hospitalini akiwa hajitambui vizuri, na krimu ilipopimwa ilikuwa na mikrogramu 12,000 za zebaki kwa gramu. Kikopo kilikuwa na nembo ya krimu ya kawaida. Mtu mwingine ndiye aliyeichanganya na zebaki.

Basi kama kichupa chako kina kidogo hivyo, kwa nini nikuambie ukiweke kando?

Kwanza, ule mlango umeshafungwa. Mwaka 2013, huko Kumamoto, Japani, dunia ilikubaliana Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopewa jina la mji ambao kiwanda kilimwaga zebaki ya methili ghubani hadi wavuvi na watoto wao wakapooza. Mkataba ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya mikrogramu 1 kwa gramu vikome kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi na nchi ifikapo 2020. Vipodozi vya macho vikabaki nje ya katazo, kwa maneno yaleyale: pale ambapo hakuna kihifadhi mbadala. Wengi hawakuridhika. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilikuwa limeshapiga marufuku zebaki kwenye vipodozi vyote, maskara ikiwemo, tangu Januari 2008, na hatujasikia wanawake wa huko wakikosa maskara. Mwishoni mwa 2023, nchi wanachama zilipokutana Geneva, zikafuta vyote viwili, ukomo wa mikrogramu 1 na msamaha wa macho. Makubaliano mapya ni mafupi: vipodozi vilivyotiwa zebaki, vya namna yoyote, mwisho wake ni 2025. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimeuridhia mkataba huo.

Kwa hiyo maskara yenye thimerosal unayoiona leo dukani ama ni mzigo wa zamani uliokaa ghalani, ama mtengenezaji wake hafuati sheria. Ukiwa wa zamani, kihifadhi chake na nta yake vimechoka. Na kama hafuati sheria, hesabu niliyokufanyia juu haina dhamana, maana niliifanya kwa kuamini kwamba kaheshimu ukomo wa mikrogramu 65. Anayepuuza katazo la 2025 hatashindwa kupuuza kipimo.

Pili, ile hoja ya "hakuna mbadala" ilikwisha kitambo. Waliovaa lenzi za macho katika miaka ya 1980 wanaweza kukusimulia: maji ya lenzi yenye thimerosal yaliwaletea wengi macho mekundu, kuwasha na uvimbe wa konea, kwa sababu kitu hiki kinaamsha mzio kwa baadhi ya watu. Watengenezaji wakahama. Kwenye maskara leo utakuta fenoksiethanoli, sorbati ya potasiamu, parabeni, alkoholi ya benzili, na mara nyingi EDTA, ambayo inadhoofisha ukuta wa Pseudomonas ili hivyo vingine vipenye. Hakuna kimoja kinachofanya kazi yote peke yake kama zebaki, na ndiyo maana orodha ya viambato imerefuka. Kwa maoni yangu msamaha wa macho ulipaswa kufutwa miaka 20 kabla ya Geneva. Kilichouweka hai ni uvivu wa kubadilisha fomula.

Tatu, historia ya vihifadhi vya zebaki inatufundisha tusiviamini vinapohamishwa mahali. Ile fenili ya zebaki niliyoitaja ilitumika pia kuzuia ukungu kwenye rangi za nyumba Marekani. Mwaka 1989, katika jimbo la Michigan, mtoto wa miaka minne aliugua baada ya nyumba yao kupakwa rangi ya namna hiyo ndani: maumivu ya miguu, jasho, mikono na nyayo kuwa nyekundu na kuchubuka. Mwaka uliofuata rangi za ndani zenye zebaki zikaondolewa. Huko Buenos Aires, Argentina, karibu na mwaka 1980, watoto wachanga wengi waliathirika kwa sababu nepi zao zilikuwa zikisafishwa kwa dawa yenye kitu hichohicho. Kilipenya kwenye ngozi laini chini ya nepi iliyofungwa. Kwenye ukope kingekuwa kidogo. Kwenye makalio ya mtoto, saa 24, kikawa kingi.

Upande wa sheria zetu, Afrika Mashariki tuna viwango vya pamoja vya vipodozi, EAS 377, vilivyogawanywa kwa sehemu: sehemu ya kwanza ni orodha ya vitu vilivyokatazwa kabisa, ya nne ni ya vihifadhi vinavyoruhusiwa. Kwa Tanzania, vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, hadi 2019, vikahamia TBS, shirika la viwango. Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Nasema hivi kwa sababu wapambaji wengi bado wananiuliza kuhusu "namba ya TFDA". Boksi linalojivunia namba ya TFDA leo lingekutia shaka kabla hata hujasoma viambato.

Sasa wanja wa manga. Najua tumekua nao. Najua bibi zetu walitupaka machoni siku ya arobaini, na kwamba bi harusi wa pwani bila wanja hajakamilika. Lakini wanja wa manga wa kweli, lile jiwe zito linalometameta likisagwa, mara nyingi ni galena, yaani madini ya risasi na salfa. Baadhi ya sampuli za wanja wa namna hiyo zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa risasi ikiwa zaidi ya nusu ya uzito wote. Linganisha: maskara yako ikifika ukomo ina mikrogramu 65 za zebaki kwa gramu, wanja wa namna hiyo una zaidi ya mikrogramu 500,000 za risasi kwa gramu. Mtoto anajifikicha jicho, kidole kinaingia mdomoni, na risasi inakwenda kwenye ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Upo wanja wa masizi usio na risasi, ila kwa macho huwezi kutofautisha, na muuzaji naye hawezi, hata akiapa. Kama mtoto wako amekuwa akipakwa kwenye nyusi au kitovuni, acha leo, na ukienda kliniki umwambie mhudumu.

Nimetaja kliniki, na najua swali linalofuata, maana huja kila mara: chanjo. Baadhi ya chanjo zinazowekwa kwenye kichupa cha dozi nyingi, ikiwemo ile ya penta anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, huwa na thimerosal ili bakteria walioingia kichupani kilipotobolewa kwa mtoto wa kwanza wasimfikie wa kumi. Kwa kawaida ni zebaki isiyozidi mikrogramu 25 kwa dozi, ya ethili, inayopungua kwenye damu kwa nusu ndani ya wiki moja hivi. Imechunguzwa sana, na Mkataba wa Minamata uliziacha chanjo nje kwa makusudi, kwa sababu bila vichupa vya dozi nyingi nchi kama zetu zingechanja watoto wachache zaidi. Chanjo ya surua utakayompeleka akifikisha miezi tisa haina thimerosal kabisa. Virusi vyake lazima viwe hai, na zebaki ingeviua.

Turudi kwenye kazi yako. Hofu ya zebaki isikusahaulishe Pseudomonas, maana mpambaji anayetumia kichupa kimoja kwa maharusi na wasimamizi wao anafanya jambo ambalo hakuna kihifadhi kilichotengenezewa. Vihifadhi vinapimwa kwa mtu mmoja na brashi yake. Nunua brashi za kutupa, zile za pakiti; chovya mara moja, paka, tupa, chukua nyingine. Usiongeze maji wala mate kwenye maskara iliyokauka. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa, na ikifika miezi mitatu kiache. Mteja mwenye jicho jekundu au kope zenye matongotongo usimpake hata akilia.

Unaponunua, soma boksi kabla hujalipa. Kwenye vitu vya macho tafuta thimerosal, thiomersal, merthiolate, au neno lolote lenye phenylmercuric ndani yake. Kwenye krimu na sabuni majina ni mengine: mercurous chloride, calomel, ammoniated mercury, mercuric iodide, hydrargyrum, au Hg tu. Lakini krimu mbaya mara nyingi haiandiki lolote, kwa hiyo soma na maonyo. Ukiona imeandikwa usiiguse ukiwa umevaa dhahabu, fedha au alumini, iache hapohapo kaunta. Mchimbaji wa Geita anaijua sababu: zebaki hushika dhahabu. Kipodozi safi hakina ugomvi na pete yako.

Dazeni zako mbili usizichome moto, maana zebaki itapanda na moshi, na usimgawie shoga wala msaidizi wako. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, piga picha ya boksi inayoonyesha viambato, nchi ilikotengenezwa, namba ya toleo na tarehe. Mrudishie aliyekuuzia ukiwa na risiti. Akikataa, peleka picha na mzigo TBS; kwa bidhaa iliyokatazwa huhitaji kuthibitisha kwamba imemdhuru mtu.

Na kuna jambo moja unaloweza kulifanya ambalo mimi ofisini siwezi, kwa sababu wewe unakaa sentimita 20 kutoka kwenye uso wa mtu saa nzima. Maharusi wengi huanza mkorogo miezi michache kabla ya harusi ili wang'ae. Ukimwona bi harusi uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi, halafu anakwambia asubuhi anaamka kope zimevimba, miguu inabana viatu, au mkojo unatoa povu lisilokatika, usimfiche vimbe hizo kwa poda ukanyamaza. Mwambie taratibu, pembeni, aache krimu na aende kituo cha afya akapimwe protini kwenye mkojo. Ni kile kijiti kinachochovywa, matokeo yake yanatoka ndani ya dakika chache. Kikionyesha protini, daktari aambiwe waziwazi jina la krimu, na kikopo chenyewe akibebe, hata kama kimebaki tupu. Ndipo atajua kuagiza kipimo cha zebaki kwenye mkojo, si kwenye damu peke yake. Na mashuka na taulo alizotumia zifuliwe mbali na nguo za watoto, kwa sababu krimu ya namna hiyo huhamia kwa wengine nyumbani ambao hawajawahi kuigusa.